Unataka kazi ya utafiti wa takwimu za afya? Anzia hapa hapa Nyanda za Juu Kusini

Kila msimu wa mahafali ukipita, meseji zinaanza kumiminika: "Kaka, nimemaliza shahada ya takwimu, kwenye utafiti wa afya kuna nafasi?" Nafasi zipo. Tatizo ni kwamba wengi wanatafuta tangazo lenye jina la shahada yao, na matangazo ya namna hiyo ni machache mno huku kwetu. Kazi yenyewe ya kuchambua data za wagonjwa, chanjo, lishe na kifua kikuu imejificha kwenye majina mengine: karani wa data, meneja wa data, mtafiti msaidizi, mwanafunzi wa uzamivu chini ya mradi fulani.

Haya ninayoandika ni kwa aliyemaliza au anayekaribia kumaliza takwimu, hisabati, afya ya jamii, udaktari au hata kompyuta, yuko Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, na hataki kuhamia Dar es Salaam kwanza ndipo aanze kutafuta. Nakwambia mapema ninachokiamini: kwenye kazi hii anayejua data imetoka wapi anamshinda anayejua fomula nyingi. Na data nyingi za afya zinazosomwa Ulaya na Marekani zimetoka kwenye vituo ambavyo wewe unavifikia kwa daladala.

Hatua ya 1: Jua unaomba nafasi ya aina gani

Ziko aina tatu, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni ajira ya kudumu ya mwanataaluma kwenye chuo cha umma. Hizi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupita Ajira Portal. Ngazi ya chini kabisa, mkufunzi msaidizi, inadai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Kwa mhadhiri msaidizi wanataka pia uzamili wenye 4.0 au zaidi. Kama huna 3.8, usikeshe ukijaza fomu hizo. Mfumo hauna huruma, na barua ya maelezo haitaubembeleza.

Ya pili ni nafasi ya mradi. Hapa mwajiri anaweza kuwa chuo, taasisi ya utafiti au shirika, na mkataba mara nyingi ni wa mwaka mmoja unaohuishwa fedha zikiwepo. GPA inaangaliwa lakini haiui. Kinachoangaliwa zaidi ni kama unaweza kukaa na faili lenye makosa elfu na kulirudisha likiwa safi. Wengi wetu tumeingilia hapa.

Ya tatu ni nafasi ya masomo ndani ya mradi. Miradi mikubwa inayofadhiliwa na Ulaya aghalabu huwa na kifungu cha kusomesha vijana wa nchi husika. Unasajiliwa chuoni, tuseme MUHAS (chuo cha tiba cha Muhimbili), KCMC kule Moshi au chuo cha nje kinachoshirikiana na mradi, lakini data zako ziko Mbeya na muda mwingi unaishi Mbeya. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo bora kuliko zote kwa kijana wa huku: unapata shahada, machapisho na posho, na hukatiki na watu wanaojaza rejista. Ila haitangazwi sana. Mara nyingi anapewa mtu ambaye tayari yuko kwenye mradi na ameonekana anaweza, kwa hiyo nafasi ya pili ndiyo ngazi ya kufikia ya tatu.

Hatua ya 2: Jua kazi inafanyika wapi

Mbeya kuna kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ambacho kilikua kutokana na ushirikiano ulioanza miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich. Kituo hicho kimeshiriki majaribio ya chanjo ya VVU ya TaMoVac pamoja na Dar es Salaam na Maputo, na tafiti za kifua kikuu kwa watu wazima na watoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina ndaki yake ya sayansi za afya hapa Mbeya, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Tukuyu pia kuna kituo cha NIMR. Iringa kuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha Katoliki. Hivi si vyuo vya tiba, lakini vina wahadhiri wa hisabati na wanasheria ambao miradi ya afya huwahitaji kuliko wao wenyewe wanavyofikiri.

Usisahau hospitali za misheni. Tosamaganga kule Iringa, Ikonda kule Makete na Ilembula kule Njombe zina kumbukumbu za miaka mingi, na mganga mfawidhi anayetamani kujua kwa nini wodi yake ya watoto inajaa mwezi fulani anaweza kukufungulia mlango haraka kuliko taasisi kubwa.

Kwa nini watafiti wanang'ang'ania kuja huku? Angalia namba. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya kwa wenye miaka 15 na kuendelea, wakati kitaifa ilikuwa karibu asilimia 5. Utafiti wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 57 kwa watoto chini ya miaka mitano mkoani Iringa na 50 Njombe, huku wastani wa nchi ukiwa 30. Mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Swali hilo halijaisha kujibiwa, na mwenye kulijibu lazima akae na data.

Ukitaka kuona uzito wa kazi ya mtakwimu kwenye majaribio, soma habari za PrEPVacc. Yalikuwa majaribio ya chanjo ya VVU yaliyofanyika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, na Mbeya ilikuwa moja ya vituo. Mwishoni mwa mwaka 2023 uchomaji wa chanjo ulisimamishwa, baada ya kamati huru ya kufuatilia data kuona hakuna matumaini ya kutosha kwamba chanjo ingezuia maambukizi. Kamati ya namna hiyo hukaa na ripoti iliyoandaliwa na mtakwimu aliyefunguliwa siri ya nani amepata chanjo na nani hakupata, wakati madaktari wa kituoni hawajui. Kosa moja kwenye ripoti hiyo, na ama watu wanaendelea kuchomwa kisichofaa, au kinachofaa kinatupwa.

Hatua ya 3: Ziba mapengo, lakini usisome kila kitu

Aliyesoma takwimu tupu kwa kawaida anajua nadharia na hajui VVU inapimwaje. Aliyesoma udaktari anajua mgonjwa na hajui kwa nini wastani unadanganya. Kila mmoja ana pengo lake.

Upande wa programu, jifunze R. Ni ya bure, inakwenda kwenye kompyuta ya kawaida, na ukishapakua vifurushi vyake kwa bando la usiku unaweza kufanya kazi hata mtandao ukikata. Stata inatumika sana kwenye afya ya jamii na utaikuta ofisini, lakini ni ya kulipia, na hiyo ya kunakiliwa kwenye flashi usiitaje kwenye usaili. Kisha jua mifumo ya kukusanya data: REDCap, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na ODK kwenye simu na tableti. DHIS2, iliyoanzia Oslo, ndiyo inayobeba takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, kwa Wizara ya Afya. Huhitaji kuwa bingwa wa yote. Mtu anayejua kutengeneza fomu ya ODK inayokataa umri wa miaka 240 tayari ana thamani.

Upande wa mbinu, ningeanza na nne tu: uchambuzi wa muda hadi tukio (mchoro wa Kaplan na Meier wa mwaka 1958 na modeli ya Cox ya mwaka 1972), modeli za vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yule yule, namna ya kushughulikia data zinazokosekana, na ukokotoaji wa ukubwa wa sampuli. Ujifunzaji wa mashine unaweza kusubiri, hata kama kila mtu mtandaoni anauimba.

Hapo kwenye sampuli pana jambo linalowaumbua wengi. Tuseme mnachukua vijiji 30 vya Rungwe na Busokelo, watoto 40 kila kijiji, jumla 1,200. Watoto wa kijiji kimoja wanafanana: maji yale yale, zahanati ile ile. Kama kiwango cha kufanana ndani ya kijiji ni 0.05, unazidisha 39 kwa 0.05, unajumlisha 1, unapata 2.95. Gawanya 1,200 kwa 2.95. Watoto wako 1,200 wana taarifa sawa na watoto 407 waliochaguliwa mmoja mmoja. Bosi akisikia hivyo atanuna, kwa sababu bajeti ilishapitishwa. Lakini ni heri anune kabla ya kwenda vijijini.

Kuna na cheti kimoja ambacho ni lazima: mafunzo ya kanuni za utafiti bora kwa binadamu, maarufu kama GCP. Yanapatikana bure mtandaoni kupitia The Global Health Network. Yafanye wiki hii, uwe nacho mkononi tangazo likitoka.

Na shahada ya uzamili? Kama unaipata kwa ufadhili, nenda. Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, kimefundisha watakwimu wengi wa Kiafrika kwa ufadhili wa VLIR-UOS. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, ndicho kinachoongoza SSACAB, muungano wa vyuo ulioundwa kuongeza watakwimu wa afya barani. DAAD ya Ujerumani hufadhili pia masomo ndani ya Afrika. Ukirudi na shahada ya nje, ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itambuliwe mapema, usingoje siku tatu kabla ya tangazo kufungwa.

Hatua ya 4: Tengeneza kazi moja ya kuonyesha

Hapa ndipo ningekutaka utumie nguvu zako nyingi. Wasifu wenye mistari ishirini ya programu unazozijua haumshawishi mtu. Kazi moja iliyokamilika, kutoka faili ghafi hadi jedwali linaloeleweka, inamshawishi.

Chukua data za utafiti wa afya na malaria wa 2022. Unajisajili kwenye tovuti ya mpango wa DHS (tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya), unaeleza kwa aya chache unataka kuzifanyia nini, unapewa ruhusa. Mpango huo ulitikiswa mwaka 2025 fedha za Marekani ziliposimamishwa, kwa hiyo omba mapema. Ukizipata, jipe swali dogo: udumavu Iringa na Njombe, kwa nani na kwa kiasi gani?

Fungua faili la wanakaya. Urefu kwa umri wa mtoto, yaani ametofautiana kiasi gani na urefu wa kawaida wa umri wake, uko kwenye safu ya hc70. Ukikokotoa wastani moja kwa moja utapata kichekesho, kwa sababu namba zimeandikwa bila nukta: -215 maana yake ni -2.15. Humo humo kuna 9996, 9997 na 9998, ambazo ni alama za vipimo visivyoaminika. Mtoto wa 9998 hana urefu wa ajabu. Hana kipimo cha kuaminika, basi. Ondoa hizo, gawanya kwa 100, kisha waliodumaa ni wale walio chini ya -2. Baki na watoto waliolala kwenye kaya usiku uliotangulia mahojiano (hv103). Uzito wa sampuli uko hv005, ugawe kwa 1,000,000. Eneo la kuhesabia ni hv021, na tabaka liko hv022 au hv023, soma kiambatisho cha ripoti ujue ni ipi. Mweleze R kuhusu uzito, maeneo na matabaka kabla ya kukokotoa chochote.

Kisha linganisha na ripoti iliyochapishwa. Iringa inatakiwa kukupa asilimia 57. Ukipata 57, umejithibitishia kwamba umeelewa muundo wa data. Ukipata namba nyingine, usiendelee mbele. Rudi utafute ulipopotea. Zoezi hili la kurudia namba iliyokwisha kuchapishwa linakusomesha kuliko kozi nyingi za mtandaoni.

Ukishafika hapo ongeza kitu chako: tofauti kati ya kaya tajiri na maskini, au kati ya watoto wa mama waliosoma sekondari na wasiosoma. Usijaribu kutoa namba ya Kilolo peke yake au Mufindi peke yake. Sampuli ilipangwa kwa mkoa, na mtakwimu anayetoa namba ya wilaya kutoka humo anajitangaza kwamba hakusoma. Andika kurasa nne kwa Kiswahili au Kiingereza, weka skripti yako mahali mtu anaweza kuiona, na hakikisha ukiiendesha upya kwenye kompyuta nyingine inatoa majibu yale yale. Data zenyewe usizipandishe mtandaoni, masharti ya DHS yanakataza.

Hatua ya 5: Kaa karibu na rejista

Data za DHS ni safi mno. Za kituo ziko tofauti, na huwezi kuzijua kwa kusoma. Omba kujitolea kwenye kitengo cha takwimu cha hospitali au kliniki ya CTC, ya matunzo na tiba ya VVU. Barua yenyewe iwe fupi:

*Mganga Mfawidhi,*
*Hospitali ya Wilaya ya …*
*YAH: OMBI LA KUJITOLEA KITENGO CHA TAKWIMU*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya takwimu, mkazi wa Uyole. Naomba kujitolea kwa miezi mitatu kwenye kitengo cha MTUHA, nikisaidia kujumlisha rejista za mwezi na kukagua usahihi wa taarifa kabla hazijaingizwa kwenye mfumo. Niko tayari kusaini kiapo cha kutunza siri za wagonjwa. Nimeambatanisha nakala za vyeti, namba ya NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.*

Peleka mwenyewe, umevaa vizuri, asubuhi kabla hajaingia wodini. Umwamkie na karani wa masijala kwa heshima zile zile unazompa daktari. Yeye ndiye anayejua barua yako iko kwenye faili gani.

Ukishaingia, utakutana na mambo ambayo hayamo kwenye vitabu. Chukua saa. Muuguzi anaandika sampuli ya damu imechukuliwa 3:10, akimaanisha saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mashine ya maabara inaandika imepokelewa 10:25, kwa saa za kompyuta. Ukitoa moja kwa nyingine bila kufikiri, unapata saa 7 na dakika 15, na sampuli inaonekana imechelewa na haifai. Ukweli ni saa 1 na dakika 15. Nimeona mezani orodha ndefu ya sampuli zilizohukumiwa "zimechelewa", na tofauti zote zikiwa zimezidi kwa saa sita kamili. Mtakwimu aliyekaa Munich hawezi kulijua hilo. Wewe unalijua tangu utotoni, ila hakuna aliyekwambia kwamba ni ujuzi wa kazi.

Au chukua mgonjwa wa CTC aliyeandikwa "amepotea". Kwenye modeli anakuwa mtu aliyetoweka tu. Lakini aliyetoweka Mbarali wakati wa kuvuna mpunga, Chunya dhahabu ilipotoka, au Mufindi msimu wa mbao, anaweza kuwa anachukua dawa kwenye kituo kingine bila kuaga. Na mwingine amefariki, ndugu hawakurudisha kadi. Ukiwaweka wote kundi moja, makadirio yako ya vifo yatakuwa chini kuliko hali halisi na ya utoro yatakuwa juu. Wazee wa kazi huwa wanatuma wahudumu wa jamii kufuatilia sehemu tu ya waliopotea, kisha wanarekebisha makadirio kwa kile walichokikuta. Kapendekeze hilo kwenye usaili uone nyuso zitakavyobadilika.

Onyo moja ambalo sitalizungusha. Taarifa za wagonjwa haziondoki kituoni kwenye flashi yako, simu yako wala WhatsApp, hata kwa "kujifunzia nyumbani". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Ukitaka kuzitumia kwa utafiti, unaandika andiko, linapita kamati ya maadili ya chuo au NIMR, ndipo unapewa, tena bila majina. Utafiti wenye watafiti wa nje unahitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na majaribio ya dawa au chanjo yanapita TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kuijua njia hii ya vibali ni ujuzi unaolipwa. Miradi mingi inakwama hapo miezi kadhaa.

Hatua ya 6: Omba kwa akili

Tangazo likitoka, chapisha, chukua kalamu, weka alama kwenye kila sifa wanayoitaka. Ukiwa na theluthi mbili ya sifa hizo, omba. Barua ijibu tangazo hilo hilo. Mstari wa "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" ufute, kila mtu anao. Badala yake andika: "Nilirudia makadirio ya udumavu ya mwaka 2022 kwa mikoa ya Iringa na Njombe, skripti iko kwenye kiungo hiki."

Wadhamini wawe watu waliokuona ukifanya kazi. Profesa aliyefundisha darasa la watu 300 hakujui. Bora mfawidhi wa kituo ulichojitolea. Na uwaambie kabla hujawaandika, maana mdhamini anayepigiwa simu na kuuliza "nani huyo?" amekumaliza.

Ukimwandikia mtafiti moja kwa moja kuomba nafasi ya uzamivu, soma kwanza makala yake mbili. Aya ya kwanza: swali lake moja lililokugusa na kitu ambacho data za huku zinaweza kuongeza. Aya ya pili: kazi yako na kiungo. Aya ya tatu: unaomba nini hasa, msimamizi au mazungumzo ya nusu saa. Basi. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja.

Hatua ya 7: Usaili wa vitendo

Miradi mingi inakupa kompyuta, faili la Excel na saa moja au mbili. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili la asili na uwaambie umefanya hivyo. Tafuta namba za washiriki zilizojirudia. Angalia tarehe: 03/04 ni Aprili au Machi? Angalia mwanamume mwenye ujauzito na mtoto wa kilo 72. Ukiona 72 usiibadilishe kuwa 7.2 kwa sababu inaonekana ina mantiki. Iorodheshe kama swali la kurudishwa kituoni. Hapo ndipo wengi wanaanguka, wanasahihisha kwa hisani.

Swali wanalolipenda: mtafiti mkuu anakuletea matokeo yenye p ya 0.06, juu kidogo ya mpaka uliozoeleka wa 0.05, na anataka "uyaangalie tena". Unafanyaje? Wanapima adabu na msimamo kwa pamoja. Jibu zuri linaanza na mpango wa uchambuzi uliosainiwa kabla data hazijafunguliwa: "Tulikubaliana uchambuzi huu, na huu ndio nimeufanya. Mwingine naweza kuufanya na kuuripoti kama wa ziada." Sema kwa upole, mtazame usoni.

Hatua ya 8: Soma mkataba kabla ya kusaini

Uliza fedha zinatoka kwa nani na zinaisha lini. Mwaka 2025 watu wengi kwenye miradi ya VVU iliyotegemea Marekani walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache. Mradi wenye wafadhili wawili au watatu unakupa angalau usingizi. Uliza michango ya NSSF au PSSSF, bima ya afya, na kama kuna kiinua mgongo.

Uliza pia jina lako litakaa wapi kwenye machapisho. Aliyeandika mpango wa uchambuzi, akachambua na akashiriki kuandika na kupitisha makala anastahili kuwa mwandishi, si kushukuriwa mwishoni pamoja na madereva. Zungumza hilo mwanzoni, kwa barua pepe, ukiwa bado kipenzi cha watu.

Na siku ukiondoka, data unakabidhi zote na kusaini kwamba hubaki na nakala. Skripti zako zisizo na data ndani yake unaweza kuomba kubaki nazo, maana hizo ndizo utakazoonyesha kwenye usaili unaofuata. Barua ya utumishi idai siku ile ile ya makabidhiano, wakati mtafiti mkuu bado yuko ofisini. Akishapanda ndege pale Songwe, utaifuatilia kwa barua pepe mpaka uchoke.